Wiki ya Kuosha Mabati

Tangazo lilisomwa Jumapili baada ya sadaka, na kabla watu hawajafika makwao lilikuwa limeshageuka kuwa tangazo lingine.

Jentrix ndiye aliyelileta kanisani. Alikuwa amelipata kwa Kavindu, msichana wa utafiti aliyetembelea darasa la jioni kule Ruiru, mahali ambapo Jentrix na watu wazima wenzake hukunja magoti kwenye madawati ya watoto wakisoma yale waliyoyakosa utotoni. Kavindu aliwaambia kwamba ndege ndogo ingeruka chini chini kutoka Thika hadi Ruiru, Jumatano na Ijumaa asubuhi. Ilikuwa na mrija mbele wa kuvuta hewa, na ndani yake mitambo ya kupima moshi, vumbi na gesi zisizoonekana kwa macho.

"Msiogope," alisema. "Haipigi watu picha wala haitafuti pombe ya changaa. Inanusa tu. Na nyinyi muishi kama kawaida. Hiyo kawaida yenu ndiyo tunataka."

Mwanamume mmoja wa nyuma aliuliza kama ndege hiyo ingeweza kunusa kitunguu, darasa likacheka. Jentrix hakucheka. Alikuwa amekaza macho kwa yule msichana, na moyoni alikuwa akisema, Bwana, ni wewe umemtuma huyu.

Alikuwa na sababu. Nyuma ya ploti alikopanga nyumba na mumewe, pale Murera, kwenye njia hiyo ya ndege, kulikuwa na shimo la Gathogo. Zamani watu walichimba mawe ya kujengea humo. Mawe yalipoisha, Gathogo alianza kupokea malori ya taka: vipande vya mpira, plastiki, sponji za viti. Malori yalimwaga Alhamisi, na Ijumaa asubuhi taka zikachomwa. Moshi wake ulikuwa mweusi na mzito, na haukuwa na haraka. Ulikaa hapo Ijumaa yote, ukalala Jumamosi, na Jumapili bado ungeukuta kwenye kola ya shati ukiwa kanisani. Becky, binti yao wa miaka sita, alikuwa na pumu. Kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu kifua chake kililia kama mlango usiotiwa mafuta, na Jentrix alilala ameketi, mtoto begani, pampu ya dawa mkononi.

Daktari alisema mtoto atolewe kwenye moshi. Dalmas, mumewe, aliyefanya kazi kiwandani Thika, alisema watahama. Hilo lilikuwa neno ambalo wawili hao walilitoa kila mwezi, wakalitazama, wakalirudisha kabatini. Walilalamika pia. Maafisa wakaja, lakini walikuja siku ya Jumanne, wakakuta shimo limenyamaza, wakaandika kwamba hawakuona moshi.

Ndiyo maana Jentrix aliyabeba maneno ya Kavindu hadi Murera kama mtu aliyebeba mayai kwenye njia ya mawe. Alimkabidhi Mzee Ndung'u, kiongozi wa wazee wa kanisa na mwenyekiti wa Nyumba Kumi. Mzee Ndung'u alimsikiliza vizuri, akaitikia kila neno. Kisha akasimama mbele ya watu na kutangaza kwa namna yake.

"Wapendwa, wageni wanakuja. Na hawa si wageni wa mlangoni. Hawa wanapitia juu. Mgeni wa mlangoni unaweza kumkalisha sebuleni asione jikoni. Huyu wa juu ataona mpaka pale unaanika soksi."

Watu walicheka.

"Kwa hivyo hii wiki sitaki kuona moshi Murera. Hakuna kuchoma taka. Hakuna jiko la makaa nje. Mwenye gesi apikie jirani. Bwana Gathogo nimeshaongea na yeye, shimo litamwagiwa maji. Wageni wakirudi kwao waseme, tumeona watu wasafi."

"Amina," kanisa likajibu.

Jentrix aliinua mkono. Mzee Ndung'u alidhani anamsifu Mungu, akaanzisha wimbo.

Jumatatu asubuhi Murera nzima ilipanda juu ya nyumba. Watu waliegemeza ngazi, wasio na ngazi wakapanga meza juu ya meza, wakasugua mabati kwa ufagio na sabuni ya unga. Maji ya povu yalishuka kwenye mifereji kama maziwa. Nyawira, jirani wa mlango wa pili, mama wa makamo mwenye miguu mizito, alikuwa juu ya paa akiwa amefunga sketi kwa kamba.

"Mama Becky, nipe hiyo brashi ingine," aliita. "Hii kutu ikionekana, watasema sisi wa Murera hatuogi."

"Mama Wanyoike, si nilikwambia hawaangalii kutu? Wananusa hewa," Jentrix alimjibu Nyawira.

"Basi watanusa sabuni."

"Tuliambiwa tuishi kama kawaida."

Nyawira aliacha kusugua. Alimtazama kutoka juu kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Haiya. Mgeni akikwambia usijisumbue, wewe hukaa tu? Hata chai humpikii?"

Jentrix alimpa brashi. Kwao, magharibi, ilikuwa hivyo hivyo. Mgeni angesema ameshiba, nawe ungekuwa tayari unamkimbiza kuku uwanjani.

Mchana lori la maji lilikuja likalowesha shimo la Gathogo. Moshi mdogo uliobaki ukapiga chafya mara mbili tatu, ukazimika. Jioni Becky alikula wali wote. Alipolala, Jentrix alikaa kando ya kitanda kama kawaida yake, akingoja kifua kianze. Hakikuanza. Alisogeza sikio hadi kwenye midomo ya mtoto, akashtuka kwa ule ukimya, kisha akasikia pumzi ikiingia na kutoka, laini, bila kukwama popote. Alipiga magoti kushukuru. Katikati ya shukrani aligundua kwamba alikuwa amenyamaza muda mrefu, hajui anashukuru nini.

Jumanne ikawa vivyo hivyo. Becky alikimbia na watoto wenzake mpaka kwenye mti wa kei, akarudi akicheka, uso umelowa jasho. Jentrix alifua, akasahau nguo kwenye beseni. Aliweka chumvi kwenye chai. Kila alipotazama anga safi juu ya lile shimo, kitu kilimwambia, hiki ndicho ulichoomba. Na kitu kingine kikamwambia, hapana, wewe uliomba waone.

Jumatano ndege ilikuja kutoka upande wa Thika. Ilikuwa nyeupe, mabawa yake manyoofu, na chini kiasi kwamba Becky aliuona ule mrija.

"Mama, hiyo ndiyo pua yake?"

"Ndiyo pua yake."

"Inatunusa?"

"Inatunusa."

Watu walisimama nje ya nyumba zao wamevaa nguo nzuri. Mzee Ndung'u alivua kofia. Ndege ilipita juu ya mabati yanayong'aa, ikapita juu ya shimo lililolowa, haikupunguza mwendo, ikaelekea Ruiru. Watu walipiga makofi. Jentrix alihisi kama mtu aliyesubiri foleni ya daktari tangu alfajiri, na alipoitwa ndani akasema, mimi mzima tu, habari yako daktari.

Jioni hiyo darasani alimngoja Kavindu mlangoni. Msichana alifika amechoka, nywele zimelala upande mmoja kwa kuvaa vile vidude vya masikio vya ndani ya ndege.

"Mama Jentrix, pale kwenu ni pazuri," alisema. "Kutoka Thika tunaona moshi huku na huku, tukifika kwenu laini kwenye mitambo inashuka chini kabisa. Hewa ni kama ya msituni. Hata rubani alishangaa."

Jentrix alimweleza. Alimwambia habari za mabati, za sabuni, za lori la maji, za jiko la Nyawira lililofichwa chini ya kitanda. Kavindu alianza kucheka, akaweka mkono mdomoni. Kisha kicheko kikamwisha usoni.

"Aki ya nani. Walituzimia moto kwa heshima?"

"Kwa heshima."

"Na siku zingine?"

"Siku zingine mtoto wangu hapumui."

Kavindu aliketi kwenye dawati la watoto, magoti yakamfika kidevuni.

"Siwezi kukwambia mwashe," alisema mwishowe. "Nikisema hivyo inakuwa maigizo, si utafiti. Lakini hii ya leo nayo ni maigizo. Mimi naweza tu kurudia vile nilisema. Muishi kama kawaida."

"Na Ijumaa ikipita?"

"Ijumaa ndiyo ya mwisho huku. Ndege inaenda nchi nyingine."

Siku hiyo mwalimu alifundisha habari za mapafu. Alichora ubaoni mirija miwili inayogawanyika kama mizizi iliyopinduliwa. Jentrix hakuandika kitu. Aliitazama ile mirija mpaka mwalimu akaifuta.

Alhamisi mchana kulikuwa na maombi ya kati ya wiki. Wakati wa shuhuda ulipofika, Jentrix alisimama. Alishika kiti cha mbele yake.

"Mimi nataka kusema neno moja, na wazee wanisamehe. Hawa wageni hawakuja kututembelea. Walikuja kama daktari. Mtu haendi kwa daktari akafunika kidonda na kitambaa kipya. Hewa waliyoipata jana si yetu. Tumewapa hewa ya kuazima."

Mtu mmoja alikohoa. Mzee Ndung'u alisimama taratibu, na sauti yake haikuwa na hasira, ndiyo maana iliuma zaidi.

"Mama Becky, umekaa na sisi miaka mingapi? Tumekuona kama binti yetu. Sasa unataka tuwaite watu kutoka mbali waje wanuse takataka yetu, waende wakaiandike kwa vitabu? Hata Nuhu alipolewa, watoto wake walimfunika."

"Mzee, Nuhu hakuwa akimkaba mtoto wa mtu koo."

Wanawake wa mstari wa nyuma waliguna. Mzee Ndung'u akasema, "Tuombe," na akaomba mwenyewe, ombi refu lililozungukazunguka kila kitu isipokuwa moshi.

Alipotoka nje, Jentrix aliona malori mawili yakielekea shimoni yakiwa yamejaa. Aliyafuata kwa macho mpaka yakamwaga.

Usiku huo pia Becky alilala vizuri. Jentrix ndiye hakulala. Alijigeuza mpaka Dalmas akamuuliza kama kitanda kina siafu. Alimweleza yote. Dalmas alisikiliza gizani, mwishowe akasema, "Labda Gathogo ameokoka. Labda hatachoma tena." Walitaka sana iwe hivyo, wote wawili, wakanyamaza wasije wakaiharibu.

Ijumaa, Dalmas alipokwisha kwenda kazini, Jentrix alijifunga leso na kwenda shimoni. Owino alikuwa ameketi juu ya jiwe kwenye ukingo, buti za mpira miguuni, akinywa chai kwenye kikombe cha bati. Owino ndiye mlinzi wa shimo, na ndiye aliyekuwa akiliwasha kila Ijumaa. Siku ya Jumapili alikuwa akiimba besi kwaya moja na Jentrix.

"Min Becky," alisema, akimwita Mama Becky kwa lugha ya kwao, "umekuja kuniombea ama kunifukuza?"

"Nimekuja kukuuliza. Leo huwashi?"

"Boss alisema hapana. Wageni."

"Na wakienda?"

Owino aliinua kidevu kuelekea chini. Shimo lilikuwa limejaa kuliko Jentrix alivyowahi kuliona, vipande vya sponji vya manjano na nyeusi vimefika karibu na ukingo. "Kesho. Nawasha ya leo na ya wiki ijayo pamoja. Malori zingine zinaingia jioni. Kesho, dada yangu, wewe funga hata tundu la ufunguo."

Basi Gathogo hakuwa ameokoka. Usingizi wa Becky ulikuwa umekopwa tu, na kesho ungedaiwa wote kwa mpigo, wakati ile ndege iko juu ya nchi ya watu wengine.

"Mimi nilikusikia jana," Owino alisema. Alimwaga makombo ya chai. "Kitambaa kipya juu ya kidonda. Ni kweli. Hiki kifua changu chenyewe, wewe hushangai kwa nini siku hizi sifiki zile noti za juu?"

"Wewe ni besi, Owino. Hujawahi kuzifika."

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, akajipiga kifuani mpaka kikatulia. Akatoa kiberiti mfukoni na kukiweka juu ya jiwe, katikati yao.

"Mimi nikiwasha bila neno la mtu, nimefutwa kazi. Nisipowasha, Mungu ananiangalia. Wewe unataka nini? Sema tu."

Jentrix alikitazama kile kiberiti. Alikuwa amekuja na maneno mazuri, maneno ya kuishi kama kawaida, maneno ambayo mtu angeweza kuyasema na bado mikono yake ikabaki safi. Sasa aliona kwamba nyuma ya maneno hayo kulikuwa na jambo moja tu. Angeagiza moshi. Yeye, aliyefunga na kuomba moshi uondoke, angeuita kwa kinywa chake urudi nyumbani kwake, siku ya tano tangu mtoto aanze kupumua.

Aliomba pale pale macho wazi. Hakusikia sauti yoyote. Alisikia jogoo, na mtu akigonga bati mbali.

"Huwa unawasha saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Nipe muda nimtoe mtoto kwanza," alisema. "Halafu washa. Si kwa sababu ni Ijumaa. Washa kwa sababu nimekwambia mimi. Na mtu yeyote akikuuliza, taja jina langu. Yote mawili."

Alimvalisha Becky sweta, akamwekea pampu na nguo ya kubadili kwenye mfuko, na kumpeleka kwa pikipiki hadi mtaa wa Kahawa Sukari, kwa dada yake aliyefua nguo za wanafunzi wa chuo. "Nakurudia jioni," alimwambia mtoto mlangoni. Hakungoja chai. Dada yake alimwita kutoka nyuma kuuliza kuna nini, akampungia mkono bila kugeuka.

Moshi aliuona akiwa bado mbali. Ulikuwa umesimama wima kama nguzo, mweusi, kisha huko juu ukavunjika na kulala upande wa nyumba zao. Watu walikuwa nje, pua zimefunikwa kwa leso. Juu ya yale mabati yaliyooshwa chembe nyeusi zilikuwa zikianguka taratibu, na Nyawira alikuwa amesimama chini ya paa lake akizitazama kama mtu aliyeibiwa.

"Ni nani amefanya hivi?" Mzee Ndung'u alikuwa akipita mlango hadi mlango. Koti lake zuri la Jumapili lilikuwa limepata madoa. "Owino anasema ataongea na Gathogo tu, kesho. Ni nani?"

"Ni mimi, Mzee," Jentrix alisema.

Mzee alisimama. Alifungua mdomo, na moshi ukamwingia, akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka akainama, mkono mmoja ukitafuta ukuta. Jentrix alimshika kiwiko, akamketisha kwenye kigoda cha Nyawira, akaleta maji. Mzee aliyanywa macho yakimtoka machozi.

"Umetuaibisha," alisema alipopata sauti. "Jumapili utasimama mbele ya kanisa."

"Nitasimama."

"Utasema ulichofanya."

"Nitasema. Na nitasema kwa nini."

Ndipo waliposikia mngurumo. Ndege ilitokea Thika kama Jumatano, ikija moja kwa moja. Hakuna aliyepiga makofi. Ilifika usawa wa shimo, ikapita, na Jentrix akadhani inaenda. Ikainama bawa moja. Ikarudi. Ikapita ndani ya ule moshi, ikatoka upande wa pili, ikapanda kidogo, ikapita tena juu zaidi, kisha tena, kama mama anayezunguka nyumba akitafuta harufu inatoka wapi. Watu waligeuza shingo kuifuata.

"Inafanya nini?" Nyawira aliuliza kwa sauti ndogo.

"Inanusa," Jentrix alisema.

Nyawira aliingia ndani, akainama chini ya kitanda, akatoka na jiko lake la makaa, akaliweka nje mahali pake pa siku zote. "Basi na inuse na githeri yangu," alisema. "Siku tano nakula mkate mkavu." Mzee Ndung'u aliligeukia lile jiko, akaligeuzia kisogo.

Kavindu alipiga simu mchana, sauti yake ikiruka juu ya kelele za uwanja wa ndege. Alisema wameipata. Alisema mitambo miwili ilifika mwisho wa kipimo. Jentrix alimuuliza, sasa itakuwaje. Kavindu alivuta pumzi. Alisema kuna kazi ya kuhesabu na kuhakikisha, labda mwaka, na baada ya hapo itachapishwa, na watu wa serikali watapewa. Kama watafanya kitu, hilo hawezi kuahidi.

"Mwaka," Jentrix alisema.

"Pole, Mama. Lakini sasa haiwezi kusemwa haikuonekana."

Jioni alienda Kahawa Sukari. Becky alikuwa kibarazani, viatu ameshavaa, mfuko mapajani.

"Mama, niliiona. Ilipita hapa. Ilinusa?"

"Ilinusa."

"Ikasema nini?"

"Bado haijasema."

Mtoto akashuka kibarazani na kunyoosha mkono. "Twende nyumbani."

Jentrix alitazama upande wa Murera. Kutoka pale hapakuonekana kitu, nyumba tu na nyaya za umeme na anga linalogeuka rangi. Alikumbuka sponji zilizobaki ukingoni, na malori ya jioni. Alimkumbuka Owino, ambaye kesho angetaja majina yake mawili mbele ya Gathogo. Jumapili angesimama peke yake mbele ya watu wale, na hakujua Dalmas angekaa mstari gani.

Aliuchukua mfuko kutoka mkononi mwa mtoto, akapiga magoti akamfungua kamba za viatu, kimoja, halafu cha pili.

"Leo unalala hapa," alisema. "Mimi ndiye naenda."